Filimbi Juu ya Mkaratusi: "Down Under" na Mali ya Mahadhi

Mwaka 2007, katika kipindi cha televisheni cha Australia kiitwacho Spicks and Specks, ambacho kilikuwa mchezo wa maswali ya muziki, washindani waliulizwa ni wimbo gani wa watoto uliojificha ndani ya filimbi ya "Down Under". Jawabu halikuja upesi, ingawa "Down Under" hapana aliyekuwa haujui ukumbini mle. Lilipopatikana, lilikuwa "Kookaburra", wimbo ambao vizazi vya wanafunzi wa nchi hiyo wameuimba skuli. Siku iliyofuata simu na barua zilianza kumfikia Norman Lurie, mkuu wa kampuni ya Larrikin iliyokuwa imenunua haki za "Kookaburra" mwaka 1990. Kwa maneno mengine, mwenye mali aliishi miaka kumi na saba akiusikia wimbo wa pili redioni na viwanjani bila ya kuitambua mali yake, mpaka alipoonyeshwa na mchezo wa televisheni.

Yaliyofuata yanajulikana sasa pengine kuliko wimbo wenyewe: mashitaka ya mwaka 2008, hukumu ya mwaka 2010, rufaa zilizokwisha mwaka 2011. Tangu hapo "Down Under" hautajwi ila kwa mnasaba wa kesi yake, mfano wa mtu aliyewahi kupandishwa kizimbani ambaye hata akisifiwa husifiwa kwa sauti ya chini. Hiyo ni hasara, kwani wimbo uliotuhumiwa kuchukua cha mwenzake ni wimbo ambao maudhui yake ni uchukuaji. Ulikuwa ukisema juu ya uporaji karibu miaka thelathini kabla ya jaji kuupima.

Kundi la Men at Work liliundwa katika mji wa Melbourne mwaka 1979. Mwimbaji wake, Colin Hay, hakuzaliwa Australia. Alizaliwa Scotland na akaletwa na wazazi wake mwaka 1967, akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Jambo hili si dogo kwa anayetaka kuuelewa wimbo. Australia aliyoiimba ni nchi aliyoiona kwanza kwa jicho la mgeni, kisha akaizoea, na jicho la kwanza halikumtoka. Mbegu ya muziki ilitoka kwa mpiga gita mwenzake, Ron Strykert, ambaye alikuwa amerekodi nyumbani kwenye kaseti mdundo mdogo wa besi pamoja na sauti za chupa zilizotiwa maji kwa vipimo tofauti. Mwaka 1980 kundi lilitoa wimbo huo kwa fedha zao wenyewe, tena katika upande wa pili wa santuri, ambako aghalabu huwekwa kisichotegemewa. Baadaye, chini ya mtayarishaji Peter McIan, uliundwa upya na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1981, ukaingia katika albamu ya Business as Usual. Mwanzoni mwa mwaka 1983 wimbo na albamu vilikuwa vinashika nafasi ya kwanza kwa wakati mmoja Marekani na Uingereza.

Sikio linalousikiliza upya litaona kwanza jinsi ulivyojengwa kwa vyumba viwili. Katika beti, gita halipigi juu ya pigo zito bali baina ya mapigo, kama ilivyo ada ya rege. Besi ndiyo inayotembea na kuongoza. Na ngazi ya muziki ni maina, yenye wasiwasi kidogo, kama mtu anayesimulia jambo bila ya kuwa na hakika kwamba limekwisha. Kiitikio kinapofika, dari linapanda. Ngazi inageuka meja, sauti zinaungana, gita linafunguka, na rege inasogea pembeni kuipisha pop rok ya kuimbwa na umati. Wengi waliouchukua wimbo huu walichukua chumba cha pili tu. Waliimba kiitikio, na beti wakaziacha zipite kama njia ya kufikia mlango.

Rege yenyewe ilikuwa imewasili Australia si kwa bahati. Bob Marley alizuru nchi hiyo mwaka 1979, na makundi ya Uingereza, hususan The Police, yalikuwa yameonyesha kwamba pigo la Jamaica linaweza kubeba wimbo wa rok bila ya mwimbaji kujidai Mjamaica. Hay hajidai. Lafudhi yake ni yake, na maneno yake ni ya mtaani kwao. Pigo amelitumia kama mtu anavyotumia chombo cha safari, na kwa kweli wimbo ni safari.

Nafsineni ni kijana wa Australia aliye njiani ughaibuni. Wapo waliomfananisha na Barry McKenzie, mhusika wa kuchekesha aliyebuniwa na Barry Humphries katika miaka ya 1960, Mwaustralia mlevi na mropokaji anayezunguka Uingereza. Na Hay mwenyewe amekiri athari hiyo. Kijana huyu anakutana na watu watatu. Wa kwanza ni mwanamke anayempokea na kumlisha akiwa katika safari ya gari kuukuu la Kombi. Wa pili ni muuza mkate wa Brussels, jamaa wa miraba minne, ambaye anapoulizwa kama anafahamu lugha ya mteja anatabasamu tu na kumkabidhi mkate uliopakwa Vegemite, lile rojo jeusi la hamira ambalo nje ya Australia watu wachache hulipenda. Kumbe ni wa kwao. Wa tatu ni mtu aliyejilaza katika pango la starehe mjini Bombay, asiye na mengi ya kusema.

Ubeti wa Bombay ndio dhaifu kuliko zote, na haifai kuutetea kupita kiasi. Bombay, mji ambako Siti binti Saad alikwenda mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, hapa umekuwa kichaka cha moshi na uvivu, taswira ambayo wasafiri wa Kizungu wa miaka ya 1960 na 1970 waliizoea mno. Hata hivyo, kuna jambo moja linalouokoa. Ni katika ubeti huo peke yake ambapo kijana anajisifu mwenyewe: anamuuliza yule maskini kama anajaribu kumtia tamaani, yeye atokaye katika nchi ya neema. Msikilizaji makini atahisi kejeli imegeuka na kumwelekea msemaji. Aliyejilaza hana kitu. Aliyesimama anahofia kuibiwa.

Kuna nukta ya ufundi inayopitwa na wengi. Kiitikio hakisemwi na msafiri. Kinasemwa na wale anaokutana nao. Mara ya kwanza ni swali la mwanamke. Mara ya pili ni tamko la yule muuza mkate. Mara ya tatu ni swali tena, la mtu wa Bombay. Na swali hilo si la heri. Linaitambulisha nchi kwa mambo mawili, wanawake wanaong'ara na wanaume wanaopora, kisha linamhoji kijana kama hasikii ngurumo, na kumshauri akimbie ajifiche. Katika duru nyingine kitenzi cha kupora kinapisha kitenzi cha mitaani chenye maana ya kutapika kwa ulevi, ambacho kwa Kiingereza kina mlio unaokaribiana sana na wa kwanza. Vina vyote vinaelekea pamoja na jina la wimbo, na mbadilishano huo wa vitenzi viwili ni tashtiti kali kuliko inavyoonekana: wanaopora na wanaotapika ni walewale, mwanzo na mwisho wa karamu moja.

Hay ameeleza zaidi ya mara moja katika mahojiano kwamba alichokuwa akikililia ni nchi kuuzwa na kuharibiwa na wenye tamaa, huku akiipenda nchi hiyohiyo. Lakini mtunzi akiuachia wimbo, hauko tena mkononi mwake. Mnamo Septemba 1983 mashua ya Australia II iliishinda Liberty ya Marekani na kulichukua Kombe la Amerika, ambalo klabu ya mashua ya New York ilikuwa imelishikilia kwa miaka 132, na wimbo wa ushindi ukawa "Down Under". Aliyeigharimia mashua alikuwa tajiri Alan Bond, ambaye katika miaka ya 1990 alifungwa kwa udanganyifu wa mali za makampuni. Mtu hahitaji kuongeza neno. Wimbo unaowaonya watu dhidi ya waporaji ulipepea juu ya mlingoti wake. Mwaka 2000 ukaimbwa tena katika ufungaji wa Michezo ya Olimpiki mjini Sydney, na ulimwengu mzima ukaitikia swali kana kwamba lilikuwa jawabu.

Nani kaporwa? Hapo ndipo wimbo unaponyamaza, na hapo ndipo mhakiki hana budi kuwa mkali nao. Miaka hiyohiyo, katika nchi hiyohiyo, pigo hilohilo la rege lilikuwa likitumiwa na watu walioijua jawabu. Kundi la No Fixed Address, la vijana wa wenyeji wa asili, liliundwa Adelaide mwaka 1979. Jina lake lina maana ya watu wasio na anwani maalumu, maneno ya karatasi za serikali yaliyogeuzwa bendera. Filamu ya mwaka 1981, Wrong Side of the Road, iliwaonyesha barabarani, wakisimamishwa na polisi, wakinyimwa kumbi. Nao pia walikuwa wasafiri katika gari, lakini hawakuwa na haja ya kufika Brussels ili wawe wageni. Katika wimbo wao mashuhuri uliotungwa na Bart Willoughby, "We Have Survived", ambao jina lake tu linatangaza kuwa wao wangali hai, hapana kejeli wala mzaha, na rege imerejea kwenye kazi iliyokuwa nayo Kingston: kusema kwa niaba ya aliyedhulumiwa ardhi. Ukiziweka nyimbo mbili hizo sambamba, "Down Under" unaonekana kama shahidi aliyeliona tukio na akalitaja kwa mafumbo, ilhali mwenye jeraha amesimama pembeni yake.

Tarehe nazo zina maneno yake. Mei 1982, wimbo ukiwa bado unapanda ngazi za dunia, Eddie Koiki Mabo na wenzake wanne wa kisiwa cha Mer, katika mlangobahari wa Torres, walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Australia. Walidai kwamba mashamba yao ni yao, kwa urithi na kwa mila, pasipo hati ya mfalme yeyote. Sheria ya wakati ule ilichukulia kuwa ardhi ya bara hilo haikuwa na mwenyewe kabla ya kuja Waingereza. Ilichukua miaka kumi kwa mahakama kukiri, tarehe 3 Juni 1992, kwamba dhana hiyo ilikuwa ya uongo, na Mabo mwenyewe alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Kwa watu wa visiwani ambao mipaka ya mashamba yao hujulikana kwa mnazi na kwa kauli ya wazee, kesi hiyo haihitaji kufasiriwa. Inatajwa hapa kwa sababu ndiyo inayoipa ile kesi ya filimbi kipimo chake. Nchi iliyohitaji miaka zaidi ya mia mbili kumtambua mwenye ardhi asiye na hati ilihitaji miaka mitatu tu kumtambua mwenye mahadhi aliye nayo.

Hati yenyewe ilikuwa hii. Marion Sinclair, mwalimu wa muziki katika jimbo la Victoria, alitunga "Kookaburra" mwaka 1932, na mwaka 1934 akauingiza katika shindano la chama cha skauti wa kike. Kookaburra ni ndege wa ukoo wa mdiria, mwenye kichwa kikubwa na sauti inayofanana ajabu na kicheko cha binadamu. Wimbo unamweka juu ya mkaratusi mkongwe, mfalme mchangamfu wa msitu, anacheka. Una vipande vinne vya muziki tu, na uliundwa uimbwe kwa kufuatana: kundi la kwanza likifika kipande cha pili, kundi la pili linaanza cha kwanza, hata darasa zima likawa linaimba sehemu zote kwa pamoja bila ya kugongana. Katika ubeti mwingine unaoimbwa na watoto, ndege huyo anakula utomvu mtamu wa mti, naye anasihiwa aache, asiumalize, awabakishie wengine. Sinclair alifariki mwaka 1988. Aliishi miaka yote ya umaarufu wa "Down Under" na hakudai kitu. Miaka miwili baada ya kifo chake, haki ziliuzwa kwa kampuni ya Larrikin kwa dola za Australia 6,100.

Na filimbi? Ilipigwa na Greg Ham, yuleyule aliyepiga saksafoni katika "Who Can It Be Now?", wimbo wao mwingine mashuhuri. Alipojiunga na kundi, "Down Under" ulikwisha kuwapo. Yeye aliongeza filimbi katika mazoezi, akikusudia, kama ilivyoelezwa mahakamani, kuutia wimbo ladha ya Kiaustralia. Ladha hiyo ilitoka skuli. Vipande viwili vya mwanzo vya "Kookaburra" vimo ndani ya mchezo wake, lakini vimehamishwa nyumba: mahadhi yaliyozaliwa katika ngazi ya meja yamewekwa juu ya maina, pigo la darasani limewekewa pigo la Jamaica chini yake, na baina ya sauti hizo zimechomekwa sauti nyingine zinazozikata. Ndiyo maana washindani wa mwaka 2007 walihangaika. Kilichobaki ni kama sura ya mtu wa ukoo katika uso wa mgeni.

Mahakama ya Shirikisho, kwa hukumu ya Jaji Peter Jacobson ya Februari 2010, iliona kwamba sehemu ya maana ya "Kookaburra" imenakiliwa. Larrikin walitaka baina ya asilimia 40 na 60 ya mrabaha; Julai 2010 wakapewa asilimia 5, kuanzia mapato ya mwaka 2002. Rufaa ilishindwa Machi 2011, ingawa mmoja wa majaji watatu, Jaji Emmett, hakuficha kwamba matokeo yalimtia wasiwasi, na akadokeza kuwa huenda dondoo la namna ile, lililofanywa kwa heshima, halikupasa kuhesabiwa kosa. Oktoba 2011 Mahakama Kuu ilikataa kulisikiliza shauri.

Watetezi wa wimbo husema kwamba kisichotambulika hakikuibwa. Hoja hii inavutia lakini haisimami. Filimbi ndiyo sehemu bora ya "Down Under", na ubora wake hautokani na sauti zake peke yake. Ulitokana na kuwa kila Mwaustralia aliyesoma skuli alikuwa nayo tayari kifuani. Wimbo mpya ulimjia kama kitu alichokwisha kukijua, naye asijue kwa nini. Deni lilikuwapo, na lilikuwa kubwa. Jaji hakukosea kuliona. Alichokosa, au tuseme alichokosa sheria yenyewe, ni uwezo wa kuuliza dondoo lile lilikuwa likifanya kazi gani. Katikati ya wimbo kuhusu nchi inayoporwa, juu ya rege, ndege anacheka kwa mahadhi ya watoto walioambiwa ni mfalme wa msitu. Huo si uvivu wa kutunga. Ni mtoto wa zamani anayeisikia nchi ya utotoni ikiuzwa. Hakimiliki hupima kiasi cha kilichochukuliwa na umuhimu wake katika utungo wa kwanza; haina mizani ya kupimia kilichotendwa kwacho katika utungo wa pili.

Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kulitazama jambo hili kama mgeni. Taarabu imeishi kwa kuazima. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake kwa mahadhi ya filamu za Kihindi yaliyovishwa maneno ya Kiswahili, baadhi yakiwa ya malenga Ahmad Nassir, na raha ya ukumbi ilikuwa katika kuyatambua: mahadhi haya ni ya filamu fulani, na tazama leo yanasema nini. Hapo azimio ni la wazi, na uwazi ndio adabu yake. Jamaica nako pigo moja hubeba nyimbo kumi za waimbaji kumi, na hapana anayeshangaa. Hili ndilo linaloifanya kesi ya Melbourne kuwa na uchungu wa pekee. Pigo lililochukuliwa kutoka kisiwani halikudaiwa senti, kwa sababu sheria hailindi mtindo wala mdundo wa jumla. Hulinda utungo uliokwisha kuandikwa na kumilikiwa. Jamaica haikuitwa mahakamani. Kilichoitwa ni vipande viwili vya wimbo wa skauti, vilivyokuwa na risiti.

Hata hivyo, tofauti na taarabu isifichwe. Ham hakusema. Hakuna aliyemtangazia msikilizaji kuwa hapa pana "Kookaburra", na katika majina ya watungaji hakuna Sinclair. Anayeazima kimyakimya hujinyima ushahidi wa nia yake, na siku ya kuulizwa hubaki na neno lake tu. Baadaye, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hay alikuwa akiingiza maneno ya wimbo wa watoto anapoimba jukwaani, kama mtu anayeufichua mwenyewe utani wa zamani. Na jambo hilo, ambalo kwa mantiki ya ukumbi lilikuwa ni heshima, kwa mantiki ya mahakama likawa ni kukiri.

Jina la Ham halimo pia. Watungaji waliosajiliwa ni wawili, Hay na Strykert. Mpiga filimbi hakuwa na fungu katika utungo, hivyo hakuwa na hiyo asilimia 5 ya kunyang'anywa, lakini shutuma ya kunakili ilikuwa yake kuliko ya mwingine yeyote, kwa kuwa pumzi ilikuwa yake. Baada ya hukumu aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliumia sana, na kwamba alihofia hilo ndilo litakalokuwa kumbukumbu yake: mtu aliyenakili. Tarehe 19 Aprili 2012 alikutwa amefariki nyumbani kwake Carlton North, Melbourne, akiwa na umri wa miaka 58. Taarifa nyingi za msiba zilitaja filimbi, na baada ya filimbi zikataja kesi.

Wimbo haujafa. Mwaka 2021 mtayarishaji kijana wa Australia ajulikanaye kwa jina la Luude aliugeuza kuwa muziki wa kasi wa madisko, Hay akaimba upya maneno yake, na mwaka uliofuata ukarudi katika nafasi kumi za juu Uingereza, miaka arubaini baada ya mara ya kwanza. Haki za "Kookaburra", kwa kuwa Sinclair alifariki mwaka 1988, zitadumu mpaka mwisho wa mwaka 2058.

Iko video ya wimbo, ya kuchekesha, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, wanamuziki wakitembea mchangani kama watoto waliotoroka skuli. Katika sehemu moja Ham anaonekana amekaa juu ya mti, filimbi mdomoni, akipiga vipande vile. Picha hiyo ilitajwa katika kesi, na ni rahisi kuona kwa nini: mpigaji yuko mtini, na ndege wa Sinclair yuko mtini, basi alijua. Huenda alijua. Amekaa palepale pa ndege, miguu inaning'inia, wenzake wanapita chini wakiimba juu ya waporaji, naye haangalii mtu.